Kwelea kwelea: tuwasome kabla ya kuwapulizia

Kwelea kwelea mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, na kwa siku hula mbegu zipatazo gramu 10. Kundi la ndege milioni mbili, ambalo kwa ndege hawa si kundi la kushangaza, linaweza kumaliza tani 20 za nafaka kati ya alfajiri na machweo. Mkulima wa mpunga au uwele hahitaji kuoneshwa hesabu hiyo kwenye karatasi. Ataikuta shambani asubuhi moja, masuke yamebaki maganda, na deni la mbolea liko palepale.

Januari 2023 serikali ya Kenya ilikabiliana na kundi lililokadiriwa kuwa na ndege milioni 6 huko Kisumu, ekari 2,000 hivi za mpunga zikiwa hatarini. Hapa Tanzania taarifa za namna hiyo hutoka karibu kila msimu katika mikoa inayolima mtama, uwele na mpunga, na zote hufuata njia moja. Wakulima wanalia, diwani anapaza sauti, halmashauri inaandika barua, eropleni ya kunyunyizia sumu inaombwa. Baada ya siku chache tunatangaziwa idadi ya ndege waliouawa, na habari inaishia hapo. Hatuambiwi ni magunia mangapi yaliyookolewa, wala ni viumbe gani wengine walilala chini ya mti uleule usiku ule, wala waliosalimika walikwenda kula kwa nani.

Ukimya huo ndio ninaotaka kuusema leo. Sidai kwamba mkulima aachwe ale mabua. Nasema kwamba serikali inayomwaga sumu kutoka angani juu ya ndege wa porini inawiwa na wananchi maelezo ya kile inachokifanya. Na nasema kwamba wahifadhi wetu, wanaosimama kidete kwa ajili ya tembo na faru, wamemtupa mkono ndege huyu kwa sababu tu ni wengi mno. Kwenye orodha za kimataifa hayumo katika hatari ya kutoweka, basi hakuna anayemuulizia. Huko ndiko uharibifu mkubwa unakopata nafasi ya kupita.

Tuanze na ndege mwenyewe, maana ni miongoni mwa ndege wa Afrika waliochunguzwa kwa kina sana, na elimu hiyo haijafika shambani. Mwanasayansi Linnaeus alimwingiza katika orodha yake ya viumbe mwaka 1758. Ni wa ukoo wa kina mnana, wale mafundi wa kusuka viota. Mdomo wake ni mwekundu, ila jike, msimu wa kuzaa ukifika, mdomo wake hugeuka rangi ya manjano. Idadi yao baada ya msimu wa kuzaa ilikadiriwa kufika bilioni 1.5. Ni makadirio ya miongo mingi iliyopita, lakini bado ndiyo yanayonukuliwa, na kwa makadirio hayo hakuna ndege wa porini duniani aliye wengi kuwazidi.

Miaka ya 1960 mtafiti Mwingereza, Peter Ward, aliwafuatilia kaskazini mashariki mwa Nigeria, upande wa Ziwa Chad. Alitaka kujua kwa nini hutoweka ghafla mara mvua za kwanza zinapopiga, wakati ambapo mtu angedhani neema ndiyo inaanza. Jibu alilolipata linapendeza kwa wepesi wake. Kwelea kwelea huishi kwa mbegu za nyasi zilizodondoka ardhini. Kiangazi chote mbegu hizo zipo, zinapungua siku hadi siku. Mvua ya kwanza ikishanyesha, zilizobaki huota zote kwa pamoja, na chakula kinakwisha ndani ya siku chache. Nyasi mpya zitahitaji wiki kadhaa kabla ya kutoa mbegu. Ndege hawa hujilimbikizia mafuta mwilini, kisha huruka kuivuka mvua inayokuja, wakaenda kule ambako ilitangulia kunyesha na nyasi zimeshakomaa. Baadaye hurudi hatua kwa hatua wakifuata nyasi zinavyokomaa, na njiani humo ndimo wanamozaa.

Uzazi wenyewe ni wa haraka mno. Dume husuka kiota kwa majani mabichi katika siku chache. Jike hutaga mayai kama matatu, huyaatamia siku 10 mpaka 12, na makinda hutoka kiotani yakiwa na majuma mawili hivi. Mgunga mmoja unaweza kubeba mamia ya viota, na eneo moja la mazalia linaweza kuenea hekta kwa hekta ndani ya kichaka cha miiba. Watafiti waliofanya kazi katika Bonde la Ufa la Ethiopia walionesha, mwaka 1986, kwamba ndege walewale huweza kuzaa mahali pamoja, wakahama mamia ya kilomita, wakazaa tena mwaka uleule. Walijuaje? Waliwanyunyizia kutoka angani chembechembe za rangi inayong'aa chini ya taa maalumu, kisha wakawanasa kwingine na kuitafuta rangi hiyo kwenye manyoya. Naomba msomaji aikumbuke habari hii ya rangi, nitarudi kwake.

Mtu akishayaelewa hayo, ataona mara moja kwa nini skimu za umwagiliaji huumizwa zaidi. Mpunga wa kiangazi hukomaa wakati ambao mbegu za nyasi zimeadimika nje ya skimu, na punje yake inaingia sawasawa katika mdomo wa ndege huyu. Ndivyo ilivyo kwa mtama, uwele na ngano. Mahindi hayagusi, punje ni kubwa kwake. Pia ataelewa kwamba mwaka wa nyasi nyingi porini unaweza kuwa mwaka wa amani mashambani, na kwamba kila pori la nyasi linalolimwa au kulishwa mpaka udongo ukaonekana linawasogeza ndege hawa karibu zaidi na shamba la mtu.

Ward huyohuyo, pamoja na Amotz Zahavi, alitoa mwaka 1973 hoja iliyotikisa elimu ya ndege duniani kote: kwamba malalo ya pamoja ni mahali pa kupashana habari. Ndege aliyeshinda na njaa leo, kesho alfajiri huwatazama wanaoondoka kwa uhakika, wanaojua wanakokwenda, akawafuata. Mwaka 1980 Peter de Groot alichapisha matokeo ya jaribio alilolifanya kwa kwelea kwelea waliofungiwa. Alilaza pamoja ndege waliojua mlo ulipo na wasiojua, na asubuhi wasiojua wakawafuata wajuzi. Wataalamu wamebishana sana juu ya hoja hiyo tangu wakati huo, na ubishi una haki yake. Lakini mimi nikiisoma kwa macho ya mwenye shamba, naona ina uzito. Shamba likigunduliwa na wachache leo, kesho watakaokuja si wale wachache. Siku ya kuamia kwa nguvu zote ni ile ya kwanza, wakati kijana aliyekaa juu ya dungu anapomwambia baba yake kwamba wamekuja wachache tu na wala si wa kuhofia.

Kuna uchunguzi mwingine ninaoupenda. Nyuso za madume hazifanani: wengine ni weusi, wengine weupe, na kuzunguka uso kuna rangi inayoanzia waridi mpaka manjano. Mtafiti James Dale alitaka kujua kama rangi hizo zinaonesha afya au ubora wa dume, kama zinavyofanya kwa ndege wengi. Akakuta hazihusiani. Hoja yake ni kwamba zinawasaidia majirani kutambuana kwa sura, katika mji ule wa viota ambamo maelfu wanaishi bega kwa bega. Sisi tunaona wingu moja jeusi likipita. Wao kwa wao, kila mmoja ana uso wake.

Sasa tuje kwenye sumu. Inayotumika zaidi ni fenthioni, ya jamii ya oganofosfati. Huharibu kimeng'enya kinachotuliza mawasiliano ya neva mwilini, na ndege hutetemeka, hupooza, hushindwa kuvuta pumzi. Hunyunyizwa jioni, jua likizama, ndege wanapokusanyika kutua malaloni, kwa matone madogo sana ya dawa nzito isiyochanganywa na maji. Huingia kwa kugusa ngozi na miguu, pia kwa kumezwa. Marekani na Umoja wa Ulaya zimeshaiondoa katika matumizi yao.

Je, inafanya kazi? Inategemea unakusudia nini. Kama unakusudia kuwapunguza kwelea kwelea wa Afrika, haifanyi. Afrika Kusini, kuanzia miaka ya 1950, iliua makumi ya mamilioni kwa sumu na baruti, mwaka baada ya mwaka, na ndege hawakuisha. Maelezo yamo katika elimu ileile. Katika maisha yao ya kawaida, karibu nusu ya kwelea kwelea hufa kila mwaka kwa njaa, ukame na maadui, bila mkono wa binadamu. Unaowaua kwa sumu, wengi wao wangekufa hata hivyo, na waliosalia wanapata nafasi pana zaidi ya chakula na huzaa zaidi ya mara moja. Mwaka 1979 Ward aliandika akitaka mkakati wa busara: iachwe ndoto ya kupunguza jamii nzima, yashughulikiwe yale malalo tu ambayo ndege wake wanashambulia mazao. Kitabu kikubwa kilichohaririwa na Richard Bruggers na Clive Elliott mwaka 1989 kilikusanya ushahidi wa nchi nyingi, na ushahidi huo ulielekea upande huohuo.

Zaidi ya miaka 40 imepita, na bado ushindi tunaupima kwa idadi ya mizoga. Hicho ni kipimo kibovu. Malalo yaliyo mbali na shamba yakipigwa, hata wakifa milioni tano, mkulima hajaokolewa kitu. Malalo madogo yaliyo jirani na skimu, wakati mpunga uko katika hatua ya maziwa, yanaweza kuwa ndiyo yenye kuamua msimu mzima.

Wanaolipa gharama ya kosa hilo ni wengi. Mwaka 2004 watafiti McWilliam na Cheke walipitia kumbukumbu za operesheni za kudhibiti kwelea kwelea na athari zake kwa viumbe wasiokusudiwa, na picha waliyoichora inahuzunisha, hasa kwa ndege wala nyama. Namna mambo yanavyokwenda ni rahisi kuielewa. Kwelea kwelea aliyepata kipimo kidogo cha sumu hafi papo hapo. Asubuhi yupo chini ya mti anapepesuka, na mlo wa bure namna hiyo mwewe, kipanga, bundi, tai na korongo hawauachi. Tena mazalia makubwa ya kwelea kwelea huwaita ndege wala nyama kutoka mbali mno. Wapo tai wanaozaliwa Ulaya ya Mashariki ambao, wakija kukaa Afrika wakati wa baridi ya kwao, hukusanyika kwenye mazalia hayo kusini mwa bara kula makinda. Maana yake sumu tunaimwaga mahali ambapo wawindaji wa angani wamekuja kwa wingi kuliko mahali pengine popote.

Na wawindaji hao hali yao si nzuri. Januari 2024 Phil Shaw, Darcy Ogada na wenzao walichapisha utafiti uliolinganisha hesabu za zamani na za sasa za spishi 42 za ndege wala nyama wa Afrika. Asilimia 88 ya spishi hizo zilikuwa zimepungua. Visababishi ni vingi: mashamba kupanuka, nyaya za umeme, sumu inayotegwa kwa ajili ya simba na fisi. Sisemi kwamba operesheni za kwelea kwelea ndizo zinazobeba lawama kubwa. Ila kati ya visababishi vyote, hiki ndicho kinachofanywa na serikali yenyewe, kwa fedha za umma, mchana kweupe. Ndiyo maana ni rahisi zaidi kukirekebisha, na ndiyo maana kukifumbia macho kunauma zaidi. Mwewe na bundi ni maadui wa panya na wa kwelea kwelea wenyewe. Mkulima anayepoteza bundi wake amepoteza mlinzi wa ghala.

Watu nao huokota. Ndege aliyeanguka ni kitoweo, na kijijini ambako nyama huliwa kwa nadra, tangazo la afisa ugani halitoshi kumzuia mama mwenye watoto kuinama na kujaza kikapu. Udongo nao huhifadhi. Vipimo vilivyochukuliwa baada ya operesheni vimekuta mabaki ya fenthioni wiki nyingi baada ya eropleni kuondoka.

Chad, nchi inayowajua kwelea kwelea vizuri, ndiyo iliyoipeleka fenthioni ya kunyunyizia angani mbele ya Mkataba wa Rotterdam, ule unaosimamia biashara ya kemikali hatari baina ya mataifa. Kwa miaka mingi wanachama walishindwa kukubaliana. Hatimaye, mkutano wa Geneva wa mwaka 2025 uliiingiza katika orodha. Kuingizwa humo si kupigwa marufuku. Maana yake ni kwamba nchi mwanachama hutakiwa kutamka rasmi kama inaipokea au haiipokei, na biashara ifuate tamko hilo. Tanzania na Kenya ni wanachama. Kwa hiyo kuna meza ambayo juu yake jibu letu litaandikwa, na ningependa liandikwe baada ya mjadala wa wazi wenye takwimu, si kwa saini ya haraka ya ofisi moja.

Najua atakachosema mkulima akinisoma: wewe kaa na takwimu zako, mimi ndege wako shambani leo. Ana haki. Kuamia ni kazi inayovunja mgongo. Dungu linapandwa kabla ya jua kuchomoza na kuachwa likishazama. Kombeo, makopo, kelele, kamba zilizofungwa vitambaa, majuma matatu au manne mfululizo, na mwenye nafasi ya kuifanya mara nyingi ni mtoto ambaye wenzake wako darasani. Makadirio ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) yanayotajwa mara kwa mara yanaweka hasara ya Afrika katika dola milioni 50 kwa mwaka. Kwa taifa zima hasara ya namna hii ni sehemu ndogo ya nafaka yote. Kwa familia moja inaweza kuwa ghala zima.

Kuna jambo hapa ambalo wapangaji wetu wa kilimo hawalisemi kwa sauti. Tunawaambia watu wa kanda kame wapande mtama na uwele kwa kuwa mahindi hayavumilii jua. Ushauri ni sahihi kwa mujibu wa mvua. Lakini mkulima anatazama pia ndege, na anajua kwamba mahindi hayaliwi na kwelea kwelea. Wapo wanaochagua mahindi wakijua kwamba yanaweza kukauka, kwa sababu ukame haumlazimishi mtu kukaa juu ya dungu tangu alfajiri. Mpango wowote wa kukabiliana na tabianchi usio na mstari hata mmoja kuhusu ndege huyu haujafika kijijini.

Mtama wenyewe una historia yake. Serere, Uganda, zilizalishwa mbegu kama Serena, mtama wa rangi ya kahawia wenye tanini nyingi, uchungu unaowafanya ndege watafute kwingine kama kwingine kupo. Soko la leo linataka mtama mweupe. Kenya viwanda vya bia vinanunua Gadam, mtama mweupe na laini, ambao ndege nao wanaupenda. Mkulima amesogezwa kwenye zao lenye bei na lenye hatari kwa mkupuo mmoja, na hatari hiyo ameachiwa peke yake. Kiwanda kinachonunua mtama mweupe kingepaswa kuchangia gharama ya kuulinda. Sioni kwa nini hilo liwe la kujadiliwa sana.

Lakini jibu linalonivutia kuliko yote liko Kondoa, hapa Tanzania. Huko watu wamekuwa wakiwanasa kwelea kwelea kwa chakula tangu zamani, kwa mitego ya kusuka mfano wa vikapu, na kuwauza kama kitoweo. Mtafiti Boniface Mtobesya, pamoja na Elliott na Cheke, alifanya kazi ya kulinganisha mitego hiyo na nyavu, ili kuona kama ukamataji mkubwa unaweza kuchukua nafasi ya sumu katika baadhi ya maeneo. Jambo lenyewe lina mantiki inayotosheleza. Protini iliyolishwa kwa nafaka ya mkulima inamrudia mkulima. Ndege asiyekusudiwa akinaswa wavuni anaweza kufunguliwa akiwa hai, na bundi akashinda salama mtini mwake. Hakuna anayeokota nyama yenye sumu.

Na si ndoto ya Kondoa peke yake. Wim Mullié alipochunguza wategaji wa bonde la Ziwa Chad, wanaotumia nyavu za mkono zenye umbo la pembetatu, alikadiria kwamba nchini Chad walikuwa wakinasa kati ya ndege milioni 5 na 10 kwa mwaka. Hao ni watu wenye nyavu na miti, bila ruzuku ya mtu. Ukiweka idadi hiyo kando ya matangazo ya operesheni za sumu, utaona kwamba si mchezo.

Nikisema hivyo, lazima niseme na la pili, maana wingi umeshawahi kutudanganya wanadamu. Njiwa msafiri wa Amerika Kaskazini alihesabiwa kwa mabilioni. Waliuzwa sokoni kwa mapipa, misitu yao ikakatwa, na wa mwisho alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati mwaka 1914. Mfano wa karibu zaidi ni ndege mdogo wa Asia mwenye kifua cha manjano ambaye Wachina wengi walimla kama kitoweo cha heshima, wakimnasa kwa nyavu mashambani anapohama. Kati ya 1980 na 2013 idadi yake ilianguka kwa asilimia 84 mpaka 95, na sasa yumo katika kundi la walio ukingoni kabisa mwa kutoweka. Naye alikuwa miongoni mwa ndege wa kawaida kabisa wa bara lake.

Nayo China yenyewe, mwaka 1958, ilitangaza vita dhidi ya shomoro kwa kuwa wanakula nafaka. Watu walipiga masufuria mpaka ndege wakaanguka kwa uchovu. Wadudu ambao shomoro walikuwa wakiwala waliongezeka, na mwaka 1960 shomoro waliondolewa katika orodha ya maadui, nafasi yao ikachukuliwa na kunguni. Njaa kubwa ya miaka ile ilikuwa na sababu nyingi nzito zaidi za kisiasa, lakini vita vile haviwezi kusahauliwa na yeyote anayetaka kumfuta ndege kwa amri.

Kwa hiyo, kukamata bila kuhesabu ni kosa kama kupulizia bila kuhesabu. Na hapa ndipo mkono wa mtafiti unapohitajika. Mwaka 2007 Cheke, Venn na Jones walionesha kwamba kwa kutumia takwimu za mvua na uoto zitokazo kwenye setilaiti inawezekana kutabiri mahali ambapo kwelea kwelea wa kusini mwa Afrika watapata mazingira ya kuzaa. Ward alishatuambia sababu: mvua hutangulia, nyasi hufuata, ndege huja. Mamlaka yetu ya Hali ya Hewa ina takwimu za mvua. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iko Arusha, ikiwa na urithi wa iliyokuwa taasisi ya utafiti wa viuatilifu. Kuziunganisha mbili hizo ili zitoe tahadhari ya kila wiki, kwa simu ya afisa ugani, kungegharimu kidogo ukilinganisha na kukodi eropleni.

Ile rangi ya watafiti wa Ethiopia nayo ingetufaa. Malalo yakigunduliwa, na kukiwa na shaka kama ndege wake ndio wanaokula mpunga wa skimu fulani, chembe za rangi zingejibu ndani ya siku mbili tatu. Wakinaswa shambani wana rangi, ni wao. Hawana, basi sumu ingemwagwa bure, na kundi husika bado linatafutwa. Ningetaka kila ombi la kupulizia liambatane na ushahidi wa namna hiyo, au angalau ripoti ya mtu aliyesimama na kuwatazama alfajiri wakiondoka, akaandika wameelekea wapi.

Wategaji wa Kondoa wapewe vibali vinavyoeleweka, kwa msimu, kupitia halmashauri, kabla mvua za katikati ya nchi hazijakolea. Kibali kidai mambo mawili tu: kuandika idadi ya walionaswa, na kuwaachia ndege wasio kwelea kwelea. Vijana wachache wa kila wilaya wafundishwe kuzitambua spishi. Wengi wao wanazijua tayari kwa majina ya lugha zao kuliko sisi tulioko mjini.

Na pale ambapo sumu itabaki kuwa njia ya mwisho, kwa maana naamini zipo siku itakuwa hivyo, asubuhi yake watu watembee chini ya miti hiyo wakiwa na glavu, wakusanye kila mzoga, wauzike, wahesabu bundi wangapi, mwewe wangapi, na wapime shamba lililokuwa likitishiwa kabla na baada. Ripoti yenyewe haihitaji kuzidi kurasa mbili. Nakala moja iende wizarani, nyingine ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji chenye malalo, kwa kuwa wenye mashamba ya pale wanajua magunia waliyoyavuna, na wanaweza kuisahihisha.